Sindano ya kuhuisha diski: maswali ya kuuliza kabla ya kuuza kiwanja

Likasi haijawahi kuwa mji wa kazi nyepesi. Tangu enzi za Union Minière, mji ulipoitwa Jadotville, kupitia zama za Gécamines na mitambo ya Shituru, hadi leo ambapo wachimbaji wa mikono wanapandisha mifuko ya mawe ya shaba na kobalti kutoka mashimoni, mkate wa nyumba nyingi umepatikana kwa kuinama na kunyanyua. Dereva wa lori anayekaa saa nyingi kwenye barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi, mama anayejitwika beseni kwenda sokoni, kijana anayesukuma baiskeli iliyojaa magunia ya makaa: wote wanaujua uchungu wa kiuno unaoamka kabla ya mwenyewe.

Uchungu huo unapokataa kuondoka kwa miezi, mtu husikiliza kila anayesema ana dawa. Kwanza ni vidonge vya dukani, kisha mafuta ya kuchua, kisha mkanda wa kiuno. Siku hizi kuna neno jingine linalofika kwa simu, kwa video ya dakika mbili iliyotumwa na jamaa wa Johannesburg, Brussels au Nairobi: sindano inayodaiwa kuifanya diski iliyochakaa iwe mpya. Hakuna kisu, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na mzee anayeonekana kwenye video anainama akafunga kamba za viatu. Kwa mtu ambaye hajaweza kufunga kamba zake mwenyewe kwa mwaka mzima, picha hiyo ina nguvu kuliko maneno ya daktari yeyote.

Swali la familia huwa moja: tuuze kiwanja tumpeleke? Kwa wagonjwa wengi wa Likasi, jibu la uaminifu ni kwamba bado haijafika hapo, na kwa baadhi yao sindano hiyo inaweza kuwa hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Wapo wachache ambao kwao jambo hili linaweza kufikiriwa. Ili kujua nani ni nani, lazima kwanza kujua diski ni kitu gani.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna mto mdogo. Katikati yake ni laini kama ute mzito, na pembeni umezungushwa nyuzi ngumu zilizopishana tabaka kwa tabaka. Mto huo hauna mishipa ya damu ndani yake. Hewa na chakula vinaufikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na ya chini. Ndiyo maana ukichanika hauponi upesi kama nyama ya mguu, na ndiyo maana pia wazo la kuupandikizia seli mpya ni gumu kuliko linavyosikika. Mbegu nzuri ikitupwa kwenye udongo usio na maji haioti kwa sababu tu mkulima amelipwa vizuri.

Jambo la pili ni picha. Mgonjwa akifanikiwa kupata kipimo cha MRI, ambacho kwa mtu wa Likasi mara nyingi humaanisha safari ya Lubumbashi au kuvuka Kasumbalesa, hurudi na karatasi yenye maneno ya kutisha: diski imechakaa, imevimba, imepungua maji. Familia nzima inaamini mwizi amekamatwa. Lakini mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski iliyovimba ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20 wasiolalamika kitu. Kuchakaa kwa diski, kwa sehemu kubwa, ni kama mvi. Daktari anayeonyesha doa jeusi kwenye picha na kusema hapo ndipo pa kuchoma sindano, bila kumpapasa mgonjwa wala kumwuliza maumivu yalianzaje, ameruka hatua iliyo muhimu kuliko zote.

Na hatua hiyo, kwa Katanga, ina jina: kifua kikuu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, na vumbi la mawe linaloharibu mapafu ya wachimba madini huwafanya wawe rahisi zaidi kuupata. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kushuka kwenye uti wa mgongo, kikala pingili na diski kimya kimya kwa miezi, huku mgonjwa asikohoe hata mara moja. Anachosikia ni mgongo. Kwenye picha ya kawaida ya mionzi, mwanzoni, nafasi ya diski inaonekana imepungua tu, na ni rahisi kuandika kwamba ni uchakavu. Baadaye mgongo unaota kigongo, miguu inalegea, na mtu aliyekuwa anatembea anabebwa.

Fikiria mgonjwa wa namna hiyo akichomwa sindano kwenye diski inayoliwa na vijidudu. Au akipewa steroidi, dawa inayoshusha kinga ya mwili, ili maumivu yapoe. Atapata nafuu ya wiki chache huku ugonjwa ukiendelea ndani. Na jambo la kusikitisha ni kwamba dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika mpango wa taifa. Mtu anaweza kuuza kiwanja kutafuta tiba isiyomfaa, wakati ile inayomfaa iko kwenye kituo cha afya cha mtaa wake bila malipo.

Kwa hiyo maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au uchungu unaozidi mtu akiwa amelala badala ya kupungua, yanataka vipimo vya damu, kipimo cha kifua kikuu na picha, kabla ya mtu yeyote kutaja neno diski. Kwa mwanamume mzee, saratani ya tezi dume iliyosambaa kwenye mifupa nayo hujificha hivyo hivyo. Na mgonjwa anayeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au aliyekufa ganzi sehemu za kukalia, au ambaye mguu unazidi kukosa nguvu, asingoje kesho. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na kila saa ina maana.

Wakishaondolewa wagonjwa hao, wanabaki wengi ambao kweli wana mgongo wa kawaida uliochoka. Hapa ndipo neno kuhuisha linapohitaji kufunguliwa, kwa sababu ndani yake vimetiwa vitu visivyofanana. Kuna PRP: damu ya mgonjwa mwenyewe huchotwa mkononi, ikazungushwa kwenye mashine kwa kasi, na sehemu ya majimaji yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda na kidonda kupona, ikadungwa ndani ya diski. Kuna seli shina, zinazotolewa kwenye uboho wa nyonga au mafuta ya tumbo ya mgonjwa, au zinazonunuliwa zimetoka kwa mtu mwingine au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Na kuna wauzaji wanaochoma steroidi ya kawaida na kuipa jina jipya. Mgonjwa asiyejua anachomwa nini kati ya hivi hana namna ya kuamua lolote.

Ushahidi unasemaje? Kwa PRP, utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2016 huko New York. Wagonjwa 47 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa PRP, wengine rangi tu ya kuonyesha diski kwenye mionzi. Baada ya wiki nane waliopata PRP walikuwa na hali bora kwa baadhi ya vipimo. Ni habari njema, lakini baada ya wiki hizo nane wale wa kundi la pili waliruhusiwa nao kuchomwa PRP, hivyo ulinganisho wa muda mrefu ukapotea. Mwaka 2022 utafiti mwingine mdogo wa wagonjwa 26 haukuona tofauti ya maana kati ya PRP na maji ya chumvi. Tafiti mbili ndogo zinazovutana haziwezi kubeba uzito wa kiwanja.

Kwa seli shina, jaribio kubwa zaidi lilifanywa na kampuni ya Mesoblast kwa wagonjwa 404, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Lengo kuu lilikuwa kuonyesha kwamba waliochomwa seli wangepata nafuu ya maumivu na ya utendaji kwa pamoja, ikadumu hadi miaka miwili, kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Lengo hilo halikufikiwa. Kampuni ilionyesha dalili za nafuu ya maumivu katika kundi mojawapo, na jaribio jingine likaanzishwa kulipima hilo. Hapo ndipo sayansi ilipo: inatafuta, haijapata. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imewaonya wananchi wake kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya namna hii kutibu ugonjwa wa diski au maumivu sugu. Anayesema Likasi au Lubumbashi kwamba tiba hiyo imethibitishwa anadai kujua kisichojulikana hata na wanaoitengeneza.

Wapo watakaosema: lakini fulani alichomwa akapona. Huenda ni kweli alipata nafuu. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka kama maji ya mto, na hakuna anayesafiri kwenda kuchomwa sindano siku ambayo mgongo umetulia. Anakwenda siku mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote kwa kawaida hufuata siku iliyo afadhali. Hata waliochomwa maji ya chumvi kwenye majaribio, wengi walipata nafuu. Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa ni mchungaji wa kuaminika, hautoshi.

Hatari nayo ipo, ingawa katika mikono mizuri si ya kila siku. Diski isiyo na damu haina askari wa kuilinda. Vijidudu vichache vikiingia na sindano, usaha unaweza kukaa humo na kuhitaji antibiotiki za wiki nyingi au upasuaji. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyokuwa imechafuka. Kama hayo yalitokea katika nchi yenye maabara na wakaguzi wa kila aina, kliniki inayokatikiwa umeme mara tatu kwa siku inapaswa kujieleza kwa makini jinsi inavyoweka vifaa vyake safi. Zaidi ya hapo, sindano yenyewe ni jeraha. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa kwa miaka kumi, ulionyesha kwamba diski zilizowahi kutobolewa kwa ajili ya uchunguzi zilichakaa haraka kuliko zile ambazo hazikuguswa. Anayetoboa ili kuhuisha anapaswa kukumbushwa hilo.

Basi mgonjwa afanye nini? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mambo yanayopendekezwa yanaonekana madogo mno mbele ya video ile: mazoezi yaliyopangwa, elimu kuhusu maumivu yenyewe, kuchuliwa na kunyooshwa viungo na mtaalamu, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe zinapohitajika. Mkanda wa kiuno, ambao Likasi nzima unauzwa, haupendekezwi. Kuvutwa mgongo kwa mizani hakupendekezwi. Dawa kali za jamii ya afyuni, tramadol ikiwemo, hazipendekezwi, na hapa kuna la kusema zaidi kwa sababu vijana wengi wanaobeba mizigo huimeza ili kumaliza siku. Tramadol inanyamazisha kengele tu. Mzigo unabaki uzito ule ule.

Mazoezi yana adui mmoja mkubwa: hayana uchawi. Mtu hutembelea mtaalamu wa tiba ya viungo, yule anayeitwa kiné hospitalini, mara mbili, anaonyeshwa namna ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, anarudi nyumbani, anaacha. Kisha anasema mazoezi yameshindwa. Kuhukumu kwa haki kunataka walau miezi mitatu ya kufanya karibu kila siku, kutembea ikiwa ni sehemu yake, na kwa wengi ni vyema kuipa miezi sita. Mwenye uchungu unaoshuka mguuni kwa sababu diski imebana mshipa wa fahamu anayo habari ya kumtia moyo zaidi: kwa wengi wa aina hiyo mwili wenyewe hupunguza kile kilichotoka, na maumivu hupoa ndani ya wiki au miezi.

Nani basi anaweza kuifikiria sindano? Mtu ambaye kifua kikuu na magonjwa mengine mabaya yameondolewa kwa vipimo; ambaye uchungu wake uko kiunoni hasa na si mguuni; aliyefanya mazoezi kwa kweli kwa miezi sita bila mafanikio; ambaye picha na uchunguzi wa mkono vinaelekeza kwenye diski moja au mbili, si tano; na ambaye fedha anayolipa, ikipotea yote, haitamtoa mtoto shuleni. Huyo akitaka PRP ya damu yake mwenyewe, kwa daktari anayeongoza sindano kwa mionzi, akijua kwamba huenda isimsaidie, hajafanya upumbavu. Ameamua. Kwa seli shina mpaka ni mkali zaidi: nje ya utafiti uliosajiliwa, wenye kamati ya maadili, asikubali. Na njia rahisi ya kuutambua utafiti wa kweli ni kwamba kwa kawaida haumtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Anayedai dola maelfu ili ashiriki kwenye utafiti anauza bidhaa.

Ni ajabu kwamba mtu huuliza bei ya mbuzi mara tatu, akamkagua meno na kwato, lakini husaini karatasi ya hospitali bila kuisoma. Karatasi yenyewe mara nyingi ni ya Kifaransa cha madaktari. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili: ni kitu gani hasa kinachoingia mwilini, kimetoka wapi, nani atakayeshika sindano na amefanya ngapi, wagonjwa wake wangapi hawakupona, na homa ikianza siku ya tatu nyumbani Likasi ni nani atakayepokea simu. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Daktari aliye ng'ambo ya mpaka hatakuja. Atakayekutwa na usaha kwenye uti wa mgongo ni daktari wa zamu wa hospitali ya hapa, bila barua wala maelezo ya kilichochomwa.

Mzigo huu haupaswi kuachiwa mgonjwa peke yake. Wakati wa Gécamines, kampuni ndiyo iliyokuwa hospitali, shule na ghala la unga. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na pamoja na mshahara wakaondoka kwenye ulinzi huo. Migongo yao haikustaafu. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake, na mfuko wa CNSS upo kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Mfanyakazi wa kiwanda anayeanza kuumwa mgongo anapaswa kutaka jambo hilo liandikwe mapema, si siku anapoanguka. Kampuni zinazochimba kuzunguka Likasi na Kambove zingeokoa migongo mingi kwa kupunguza uzito wa mfuko mmoja na kununua mikokoteni kuliko kwa sindano yoyote. Wachimbaji wa mikono, ambao hawana mwajiri, wana vyama vya ushirika vinavyotakiwa na sheria ya madini; mtu anaweza kuuliza vyama hivyo vinakata fedha kwa ajili ya nini ikiwa hakuna hata kiné mmoja wa kuwatazama wanachama.

Na serikali ina kazi isiyohitaji bajeti kubwa. ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi, inaweza kusema hadharani ni bidhaa zipi za seli na za damu zilizoruhusiwa kuingia nchini na zipi hazijaruhusiwa. Baraza la madaktari linaweza kutangaza nani ameandikishwa kuchoma sindano za uti wa mgongo katika Haut-Katanga. Tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, likabandikwa kwenye vituo vya afya na kusomwa redioni, lingemfikia yule mama anayeshikilia hati ya kiwanja mkononi akingoja mtoto wake ampigie simu kutoka Johannesburg.